Kiti cha Katikati

Somoe alinipigia simu asubuhi, nikiwa nimeshavaa kiatu kimoja, akaniambia Mwalimu Filomena hajisikii vizuri, niende Madale nikipata nafasi. Kisha akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akasema kula kwanza, Hashimu, kula vizuri, ndiyo uje. Nikakaa kitandani na kiatu changu kimoja, nikajua kwamba mwalimu wangu amefariki. Naliweka hili mwanzoni kabisa, kwa sababu marehemu mwenyewe angeinuka pale alipolazwa na kunivuta sikio kama ningelificha hadi ukurasa wa mwisho ili nikushtue. Yeye ndiye aliyenifundisha tofauti ya kumficha msomaji na kumsubirisha. Na Somoe, aliyenipigia simu ile, ndiye aliyelipia somo hilo, kwa kitu ambacho hakirudishwi.

Habari za ukoo wangu nitaziruka. Ni nyingi, na nikianza na babu sitafika Kurasini kabla ya magharibi. Itoshe kwamba mwaka ninaousimulia nilikuwa kijana, nafunga na kufungua minyororo kwenye yadi ya makontena, na jioni nasoma masomo ya watu wazima katika shule ya msingi moja huko Temeke. Madawati yalikuwa ya watoto wa darasa la kwanza. Mie ni mrefu, si wa kupita kiasi, lakini nilipokaa pale magoti yangu yalikuwa karibu na masikio, na nikicheka dawati zima lilinyanyuka pamoja nami. Ubaoni, kila jioni, tulikuta silabi za watoto zilizoandikwa na mwalimu wa mchana, zimezungushiwa mstari na neno USIFUTE. Basi Mwalimu Filomena alikuwa akituandikia mambo ya watu wazima kwenye pembe iliyobaki, chini ya ba be bi bo bu. Walinzi wa mageti walikuja na sare zao. Kinyozi mmoja alikuja na nywele za wateja mabegani. Somoe alikuja ananukia supu, maana aliuza supu na chapati kwenye geti la yadi yetu, na darasa zima likikaa karibu naye lilishikwa na njaa. Mie ndiye niliyemvuta masomoni. Nilimwambia kuna mwalimu mwenye sauti ya kusimamisha treni ya mizigo. Alipomwona, mwanamke mwembamba wa Njombe aliyevaa sweta Dar es Salaam kwenye joto lile, aliniangalia akasema, "Treni gani, hiyo ya kuchorwa?"

Darasa la jioni hufa taratibu. Watu huanza kwa wingi, kisha mmoja anabadilishiwa zamu, mwingine anauguliwa, mwingine anaona haya, hadi mwalimu anabaki na madawati. Mwalimu Filomena alikuwa na dawa yake. Kila jioni, zikiwa zimebaki dakika chache, alimwita mmoja wetu mbele asome kumbukumbu aliyoiandika ya maisha yake mwenyewe, siyo ya kutunga. Yeye alisimama kando na kipande cha chaki. Pale ambapo sote tulikuwa tumeacha kujikuna, aligonga ubao mara moja kwa chaki. Ko. Msomaji ananyamaza, darasa limekwisha, mtaendelea kesho. Tulimlaani kwa lugha zote za Tanzania. Mlinzi mmoja aliwahi kumpa mwenzake sare na tochi ashike zamu yake, ili tu aje asikie kama yule mbuzi aliyepotea katika kumbukumbu ya kinyozi alipatikana. Nakuapia, kuna mtu alitoroka hospitali na dripu mkononi kwa ajili ya yule mbuzi. Haya, labda dripu hapana, lakini plasta ilikuwepo.

Zamu yangu ilipofika niliandika kuhusu mnyororo uliokatika yadini, kontena likaanguka na kumkosa mwenzetu kwa upana wa kiganja. Nilianza hivi: siku hiyo nilishuhudia tukio la kutisha, la kusisimua, ambalo nywele zangu zilisimama na damu ikaganda. Nilisoma kwa mbwembwe kama mhubiri. Mwalimu hakungoja hata mstari wa pili, akagonga ko, na darasa likacheka, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kukatwa. Akaniambia nimeshawaagiza watu watishike, sasa nitawatishia nini? Akaniuliza yule mwenzetu alikuwa anafanya nini wakati ule. Nikafikiri. Nikasema alikuwa ameinama, anafunga kamba ya kiatu. "Basi anza na kamba ya kiatu," akasema. "Kontena liweke juu, tulione. Kisha liache hukohuko. Usiseme limeanguka. Tuache tuhesabu naye vitundu vya kiatu." Nikasimulia upya, papo hapo, bila karatasi: mtu anafunga kamba, anakosea, anafungua, anafunga tena, na juu yake mnyororo unalia kama mlango wa zamani. Nilipotazama, kinyozi alikuwa ameshika kiatu chake mwenyewe. Hapo ndipo nilipojua, katika umri wangu ule wa kujiona najua, kwamba anayesikiliza haogopi kitu asichokijua. Anaogopa anachokijua, kinapochelewa.

Mwalimu aliizungumza siri hiyo bila kuipamba, kama mtu anayeelekeza njia ya kwenda dukani. Msomaji aonyeshwe mapema kinachoweza kuvunjika, kisha aonyeshwe mkono uliokishika. Chumvi yangu hakuikataza. Alijua mie bila chumvi siongei, nitabubujika tu kama redio mbovu. Ila alisema chumvi ni ya mambo yanayochekesha. Jambo linalouma lipewe ukubwa wake uleule, lisiongezwe hata punje. Niliandika maneno hayo nikayapigia mstari, nikadhani nimeyaelewa. Niliyaelewa baadaye, mwaka uleule, kwenye kebini ya lori.

Simu ililia kwangu asubuhi moja kabla ya kazi. Simu ya Somoe ilikuwa kwa fundi, na kaka yake wa Kibamba, Athumani, alikuwa na namba yangu. Sauti yake ilikuwa kavu. Akaniambia mama yao amefariki alfajiri. Watamtoa nyumbani kabla ya sala ya alasiri, akazikwe baada ya sala. Akasema, "Usimwambie. Mlete tu." Nikamfuata mama mwenye nyumba wa Somoe, mtu mzima aliyewahi kuzika na kuzikiwa, naye akasema vilevile: mwambieni mama anaumwa, mpeni kitu ale, asiende peke yake. Kwetu habari ya msiba hairushwi usoni mwa mtu. Aliyefiwa huambiwa mgonjwa kazidiwa, aje. Hulishwa, husindikizwa, na maneno yenyewe huyakuta mwisho wa safari, kwenye mikono ya watu wa kumshika. Ni huruma, nami naiheshimu mpaka leo. Lakini kazi ya kumsindikiza nilipewa mie, kwa sababu, alisema yule mama, "wewe una mdomo." Kwa mara ya kwanza maishani mdomo wangu ulipewa cheo, na nilitamani nisiwe nao.

Somoe tulimkuta anakoroga sufuria. Mama mwenye nyumba alimpokea mwiko mkononi, akasema yeye ataiuza supu hiyo mpaka iishe, Somoe aende Kibamba akamwone mama yake, hali si nzuri. Akamkalisha kwenye benchi la wateja, akammiminia supu yake mwenyewe, akamwekea chapati, akasimama anamwangalia akitafuna. Madereva walioijua habari walikunywa supu yao kimyakimya, wanatazama mabakuli. Mmoja aliacha kulalamika kwamba nyama ni chache. Somoe akatuangalia mmoja mmoja, akasema leo mmeamkaje, mbona mnanipenda? Sote tukacheka, na kicheko chetu kilikuwa kikubwa mno kwa mzaha ule. Mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye benchi kama lile anajua hali hiyo. Kila kitu cha kawaida kinaanza kuonekana kama ushahidi.

Mzee Ponda, dereva aliyekuwa anapandisha mzigo Tunduma siku hiyo, alisema atatubeba hadi Kibamba, njia ni hiyohiyo. Nilimnong'oneza habari yote karibu na gurudumu, akavua kofia, akaivaa tena. Ndani ya kebini Somoe alikaa dirishani, Mzee Ponda kwenye usukani, na mie katikati, magoti yangu yakigusa gia, tasbihi ya dereva ikinigonga paji la uso kila tulipopita shimo. Kwa upande wa kulia nilikuwa na mtu aliyejua, kwa upande wa kushoto mtu asiyejua, na habari ilikuwa imekaa nami kwenye kiti hichohicho. Redio ilikuwa inaimba taarabu. Kisha mtangazaji akakohoa kidogo, ile namna yao, akasema tunaendelea na matangazo ya vifo. Mzee Ponda akazima. Somoe akauliza mbona unazima, mzee wangu, tusikie nani katutoka. Mzee Ponda akasema betri haina nguvu. Betri ya lori lile ingeweza kuwasha mtaa mzima wa Temeke na taa za harusi zikabaki. Nikadakia haraka, nikaanza hadithi.

Nilisimulia toka Kurasini hadi Tabata bila kumeza mate. Nilimsimulia mbuzi wa kinyozi na kumwongezea miguu. Nilimwigiza Mwalimu Filomena na sweta lake, nikamwigiza mlinzi anayekoroma huku amesimama. Somoe alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga, na kila alipocheka Mzee Ponda alikaza mikono kwenye usukani. Yadini nilikuwa nimezoea kuchekesha watu nikajisikia mfalme. Siku ile kila kicheko nilitamani kukirudisha. Niligundua kitu ambacho mwalimu hakuwa amekitamka bado: anayejua ndiye anayeteseka, na asiyejua anakula chapati. Somoe alikuwa salama. Mie ndiye niliyekuwa chini ya kontena, na kamba ya kiatu niliyoishika ilikuwa ya kwake.

Ubungo foleni ilitumeza. Foleni ya siku ile, watoto waliozaliwa mwanzoni mwake wangeanza shule mwishoni. Adhana ya adhuhuri ikasikika kutoka misikiti ya pande zote, mmoja ukianza kabla ya mwingine kumaliza. Somoe akanyamaza kuisikiliza, akasema yarabi mponye mama yangu. Mzee Ponda akaitikia amina, polepole. Muuza machungwa akapita chini ya dirisha na Somoe akanunua mfuko mzima, akachagua moja moja kwa kulibonyeza. Akaniambia mama yake akiumwa hali kitu, anakataa uji, anakataa mchuzi, lakini ukimmenyea chungwa ukalitia chumvi na pilipili atamaliza, halafu ataanza kukuuliza wewe kama umekula. Hiyo ndiyo dalili kwamba anapona, akasema. Akiuliza watu kama wamekula, mjue kesho anasimama. Akapakata ule mfuko mapajani. Harufu ya maganda ikajaa kebini.

Sasa nitaeleza kilichokuwa kinaniandama, ili ujue kwa nini nilifanya nilichofanya. Kwa utaratibu wetu wanawake hawaendi makaburini. Mama wa Somoe angeoshwa, angevishwa sanda, na watoto wangeitwa kumtazama uso kwa mara ya mwisho mle ndani ya nyumba. Kisha uso ungefunikwa na jeneza lingetoka na wanaume. Likishavuka mlango, limevuka. Kama Somoe hangefika kabla ya hapo, angekuta mkeka, udi na watu wa kumshika, lakini mama hangemkuta. Alasiri ilikuwa inasogea, lori halisogei, na yeye pekee kati yetu hakuwa na sababu ya kuharakisha. Ile huruma tuliyompa ndiyo iliyokuwa inamchelewesha.

Tulipotambaa kuingia Kimara, Somoe alijitazama. Akakunja uso, akanusa bega la gauni lake. Akamwambia Mzee Ponda amshushe Mbezi, ana binamu yake pale karibu na stendi, ataoga upesi na kuazima nguo safi. Mama akimwona na nguo za supu atasema binti yangu amechoka, mjini kunamla, na mgonjwa hatakiwi kusononeka. Alisema hatachukua muda. Mzee Ponda alinitazama kupitia kile kioo kidogo cha juu, na macho yake yalisema mdomo ni wako. Nilikuwa na hadithi nyingine tayari ulimini, ya kumzuia, ya kumwambia binamu amehama, maji hakuna Mbezi, chochote. Ningeweza. Mie kwa uongo wa kuchekesha nilikuwa fundi wa wilaya nzima. Lakini nilitazama yale machungwa.

"Somoe," nikasema, "mama hatakuona. Wewe ndiye wa kumwona, na muda umebaki kidogo."

Hakupiga kelele. Wala hakunitazama. Alikunja mdomo wa mfuko wa machungwa, akaukunja tena, kama mtu anayefunga kitu kisimwagike.

"Toka lini?"

"Alfajiri."

"Wanamtoa saa ngapi?"

"Kabla ya alasiri."

Akaangalia foleni mbele yetu, mabati na mabati hadi mlimani. Akasema, "Mzee wangu, nifungulie mlango." Akateremka na zile nguo za supu, kanga moja kichwani, akasimamisha bodaboda, akampa kijana maneno mawili, na wakapita katikati ya magari kama sindano. Mfuko wa machungwa ulibaki mapajani mwangu. Mzee Ponda akawasha redio, matangazo yalikuwa yamekwisha zamani, akaizima tena. Tukakaa.

Nilipofika Kibamba nyumba ilikuwa imejaa wanawake na uwanja umebaki viti vitupu. Kina baba walikuwa wamekwenda. Sikuingia ndani. Niliwafuata makaburini, mbio, na machungwa mkononi, watu wakinishangaa. Athumani alikuwa amesimama pembeni ya kaburi na udongo hadi magotini. Nilimwinulia tu mfuko, kama mjinga.

"Amemwona," akasema Athumani.

Kisha akanisimulia kwa sauti ya chini wakati udongo unarudishwa. Wazee walitaka kutoka mapema, jua kali, msikiti mbali. Yeye akawa anabuni sababu. Akasema kaburi halijapanuliwa upande wa mwanandani, akawatuma vijana warudi wakachimbe, wakarudi, akawatuma tena. Akaomba dua ndefu kuliko uwezo wake, akarudia vipande, mzee mmoja akamtazama kwa kumshuku. Alipokuwa hana tena cha kubuni na mikono imeshashika jeneza, ikasikika bodaboda. Wakaliweka chini. Kwa hiyo siku ile, kwenye ncha moja ya barabara ya Morogoro mie nilikuwa namsimulia mtu ili asijue, na kwenye ncha ya pili kaka yake anawasimulia wazee ili wangoje. Hakuna kati yetu aliyekuwa na nakala ya hadithi ya mwenzake. Mzee mmoja wa pale alinisema baadaye, mbele za watu, kwamba nimevunja utaratibu kumwambia mtu msiba barabarani, je, angeanguka? Nikamjibu shikamoo.

Somoe alirudi masomoni arobaini ilipokwisha. Alikaa dawati lilelile, ananukia supu ileile, na darasa lilimsalimia kwa sauti ndogo. Wakati huo nilikuwa nimeshaiandika safari yetu, na niliiona kuwa kazi bora kupita zote zilizowahi kuandikwa kwa kalamu ya wino. Nilikuwa mjanja sana. Niliandika kuhusu lori, hadithi, kicheko, machungwa, na nikauficha ule msiba chini kabisa, hadi pale Kimara, ili darasa liupate kama kofi. Nilimpa Mwalimu Filomena aisome kwanza. Akaisoma amesimama chini ya ba be bi bo bu, sweta limefungwa vifungo vyote. Alipomaliza hakunirudishia.

"Hapa umemficha nani?" akaniuliza. "Wewe ulijua tangu asubuhi. Dereva alijua. Mwenye nyumba alijua. Asiyejua alikuwa mmoja tu. Sasa unataka darasa zima likae kwenye kiti cha Somoe, lipigwe kofi, likusifu. Mie nataka likae kwenye kiti chako. Pale katikati."

Nikamwambia wakijua mapema hawatashtuka. Akasema ndiyo, hawatashtuka, wataumia, na watakaa hadi mwisho kuliko wanaoshtuka. Akasema kumchelewesha msomaji pale ambapo nawe ulicheleweshwa ni haki yake. Kumfanya asijue ulichokijua wewe, ili tu umwone akiruka, huko ni kumchezea, na mkasa wenyewe si mali yako. Hapo sauti yake ikashuka, ile ya treni, ikawa ya mtu anayeongea na mgonjwa. Akaniuliza kama nimemwomba Somoe. Sikuwa nimemwomba. Nilikuwa nimefikiria nukta zote na herufi zote kubwa, na hilo halikunipitia kichwani.

Nilimfuata kwenye kibanda chake kesho yake, mchana, madereva wameshaondoka. Alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga. Nikamweleza. Akaendelea kusugua kwa muda, kisha akaniambia kitu ambacho sikuwa nimethubutu kumwuliza: kwamba alipofunuliwa uso wa mama yake aliuona umetulia, mdomo umefunguka kidogo tu, kama anataka kumwuliza kama amekula. Na akamjibu. Akamwambia nimekula, mama, wamenilisha. Akasema niisome, watu wajue. Ila akaweka sharti.

"Mwambie mwalimu hiyo chaki yake aiweke. Hii isikatwe. Mie sitaki mtu alale na mama yangu yuko mlangoni."

Niliiandika upya. Nilianza na simu ya Athumani, maneno yake yaleyale, kisha benchi la supu. Jioni niliyoisoma, darasa lilijua toka mstari wa kwanza kwamba mama amekufa, na kila kitu kilichofuata kikawa na uzito ambao sikuwa nimekiwekea. Nilipofika kwenye betri ya lori hakuna aliyecheka. Nilipofika kwenye kubonyeza machungwa mlinzi mmoja akatoka nje, akarudi. Dakika zilipobaki chache nilimtazama Mwalimu Filomena kwa mazoea. Alikuwa ameiweka chaki kwenye ukingo wa dirisha na amefumbata mikono. Muda wa darasa ukapita, mlinzi wa shule akaja na funguo zake kutufukuza, akasimama mlangoni na hakuzigonga. Somoe alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Niliposoma "Amemwona" akavuta pumzi, kama vile hata yeye alikuwa hana uhakika.

Mwaka ule ulinipa vitu vingine, nisiwe mchoyo. Nilifanya mtihani nikafaulu kwa alama ambazo kama zingeteleza kidogo zingekuwa za kufeli. Niliacha minyororo nikawa karani wa yadi ileile, nina kiti, tena cha kuzunguka. Lakini nikiulizwa nini kilinifanya niwe mtu anayeweza kukaa na kuandika maisha yake bila kujifanya shujaa wala kuwafanya wengine vikaragosi, nitataja kebini ile na chaki iliyowekwa dirishani. Mwalimu Filomena alistaafu, akajenga Madale kwenye kilima chenye upepo, mahali pekee mjini ambapo sweta lake lilikuwa na maana. Somoe ndiye aliyekuwa anamwangalia miaka hii ya mwisho, akipanda kila wiki na vyombo vya chakula. Mie nilikwenda mara chache kuliko nilivyoahidi. Kila nilipokwenda aliniuliza naandika nini, nikamjibu mengi, akacheka, akasema chumvi hiyo.

Basi leo nilikula kama nilivyoagizwa. Chai, maandazi, kila kitu, na sikumbuki ladha. Njiani, pale Tegeta, nikashuka kununua machungwa. Nilijua hakuna wa kuyala. Lakini hakuna aliyekuwa ameniambia bado, na nilitaka kukaa muda mfupi kwenye kile kiti ambacho sikuwahi kukikalia, kile cha dirishani. Nilichagua moja moja, nikalibonyeza.

Nilipopanda kilima niliona turubai la bluu na viti vya plastiki vinashushwa. Watu waliniona, wakatazama chini. Somoe akatoka getini, ana mvi sasa, kanga mbili, akauona mfuko mkononi mwangu na akasimama. Akaja akaupokea, akaukunja mdomo, akaukunja tena.

"Alfajiri," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa. Nikamwuliza wanazika saa ngapi, na nikaisikia sauti yangu ikiwa na haraka ileile, ya foleni ya Kimara.

"Kesho kutwa, ndugu zake wanatoka Njombe," akasema Somoe. Akanivutia kiti kimoja cha plastiki chini ya turubai, akakaa cha pembeni, akafungua mfuko. "Leo hatuna haraka, Hashimu. Kaa. Nikumenyee."